Kopo ni Lile Lile, Kilichomo Si Kile

Hotuba niliyoitoa mbele ya wazazi, walimu na wenye maduka katika ukumbi wa skuli, Unguja. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kufika.

Mheshimiwa Sheha, walimu wetu, wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi wenye maduka mliokubali kufunga mapema mje kunisikiliza: Assalaam alaykum.

Nimeombwa niseme juu ya aiskrimu. Najua wapo waliojiuliza, kwani hakuna jambo zito zaidi la kutukusanya jioni hii? Nitawajibu kwa swali. Ni chakula gani kingine tunachokinunua kwa ajili ya watoto wetu hasa, tukakitoa kama zawadi siku ya Sikukuu, siku ya khitma, siku mtoto anaporudi kutoka hospitali, na tusisome hata mstari mmoja wa maandishi yaliyo nyuma yake? Mchele tunauchambua. Samaki tunamfunua mashavu tukaangalia wekundu wake. Nazi tunaitikisa sikioni. Aiskrimu je? Tunaangalia picha. Kuna picha ya ng'ombe, kuna majani ya kijani, kuna ua la vanila, basi tunalipa.

Mimi jioni hii sikuja kuwatisha. Sikuja kusema aiskrimu ni sumu, kwa sababu si kweli. Nimekuja na malalamiko mamoja tu, na nitayarudia mpaka myachoke: vilivyomo ndani ya kopo vinabadilika, na anayekula haambiwi. Maziwa yanatoka, mafuta ya mawese yanaingia. Nani alituambia? Ujazo unapungua, bei inabaki pale pale. Nani alituambia? Vanila inatoka, harufu ya kiwandani inaingia. Nani alituambia?

Tuanze na hewa, maana hewa ndiyo inayouzwa zaidi na kusemwa kidogo.

Aiskrimu hutengenezwa kwa maziwa, krimu, sukari, na mara nyingine kiini cha yai. Mchanganyiko huo hupozwa huku unapigwapigwa, na kule kupigwa ndiko kunakoingiza hewa. Bila hewa, kijiko kisingezama. Ungekuwa unakwangua jiwe. Kwa hiyo hewa si kosa. Kosa ni pale hewa inapozidi na mnunuzi akailipia kama maziwa. Marekani waliliona hilo zamani, wakaliwekea sheria: galoni moja ya kitu kinachoitwa aiskrimu isipungue ratili 4.5. Kwa vipimo vyetu, lita moja isipungue karibu gramu 540. Mchanganyiko wenyewe kabla ya kupigwa unazidi kilo moja kwa lita. Fanyeni hesabu: hata sheria kali kama hiyo inaruhusu karibu nusu ya kopo iwe hewa. Sheria hiyo hiyo inataka mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 10. Ukishuka chini ya hapo, hairuhusiwi kuandika neno aiskrimu peke yake kwenye kopo.

Jamani, jaribuni hili wenyewe. Mimi nilichukua makopo mawili ya lita moja moja kutoka friza moja, bei zikiwa zimekaribiana, nikayaweka kwenye mizani ya dukani ile ya kupimia sukari. Moja lilizidi jingine kwa karibu gramu mia. Mwenye duka alishangaa kuliko mimi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiyauza kama kitu kimoja. Lita ni lita, lakini ndani ya lita moja mna maziwa mengi na ndani ya lita nyingine mna pumzi. Ndiyo maana viwanda vinapenda kuuza kwa lita. Samaki tungekubali kuuziwa kwa lita?

Sasa nawapeni kisa cha kwanza. Mwaka 1866, katika mji wa Philadelphia kule Marekani, bwana mmoja aitwaye William Breyer alianza kutengeneza aiskrimu kwa mkono na kuiuza. Biashara ikakua ikawa jina kubwa, na fahari ya jina hilo ilikuwa uchache wa vitu vilivyomo: maziwa, krimu, sukari, na ladha yenyewe. Zamani walikuwa na tangazo la televisheni ambamo mtoto anajaribu kusoma orodha ya viambato vya aiskrimu ya kampuni nyingine, ulimi unamgomea, kisha anasoma ya Breyers bila taabu yoyote. Tangazo zuri. Lilisema kweli kwa wakati ule.

Mwaka 1993 Breyers ikanunuliwa na Unilever. Miaka ikapita. Gundi za mimea zikaingia kwenye orodha. Halafu, kufikia mwaka 2013, ladha nyingi za jina lile zilikuwa hazina tena haki ya kuitwa aiskrimu kwa sheria ya nchi yao. Zikaandikwa jina jingine, maana yake kitindamlo cha maziwa kilichogandishwa. Jina la kampuni lilibaki. Kopo lilibaki na rangi zake. Friza ni ile ile, rafu ni ile ile. Lile neno moja, aiskrimu, ndilo lililoondoka, na mahali pake yakakaa maneno ambayo mtu mwenye haraka hayasomi. Vanila yao ya asili iliendelea kuwa aiskrimu, nalo tuliseme kwa haki. Lakini wangapi walijua kwamba kopo la vanila na kopo lililokaa ubavuni mwake vilikuwa vitu viwili mbele ya sheria?

Na ujazo nao ulikuwa ukienda. Kopo la kawaida la familia kule lilikuwa nusu galoni, yaani karibu lita 1.9. Kampuni nyingi zikalishusha likawa kama lita 1.65, kisha kama lita 1.4. Pembeni likafinywa kidogo, mfuniko ukabaki na upana ule ule. Akina mama walikuwa wakiona inaisha mapema wakafikiri watoto wameongeza ulafi.

Ndugu zangu, nasisitiza: sheria haikuvunjwa hapo. Kila kitu kiliandikwa, kwa herufi ndogo. Na hilo ndilo linaloniuma, kwamba mtu anaweza kubadilishiwa chakula chake huku kila karatasi ikiwa safi.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Walikuwa na kanuni inayotaka aiskrimu iwe na angalau asilimia 5 ya mafuta na asilimia 2.5 ya protini ya maziwa. Mafuta yenyewe yaliweza kuwa ya mimea, hilo waliliruhusu zamani. Mwishoni mwa 2014 kanuni hiyo ikaondolewa, likabaki sharti kwa ile inayojiita aiskrimu ya maziwa. Mwaka 2018 shirika lao la kutetea walaji, Which?, lilichunguza aiskrimu 24 za vanila za madukani. Moja katika kila tano haikuwa na krimu, haikuwa na maziwa freshi, wala haikuwa na vanila. Aiskrimu ya vanila isiyo na vanila!

Kisa cha pili kiko karibu na sisi. Wengi hapa mna jamaa au majirani wenye asili ya Gujarat na Kachchh, na Amul mnaijua, ni ushirika wa wafugaji wa kule. Machi 2017 Amul walitoa tangazo la televisheni India nzima, wakiwaambia watu wachague aiskrimu ya maziwa halisi na waachane na kile kinachoitwa kitindamlo kilichogandishwa, ambacho walikionesha kuwa kimejaa vanaspati, yaani samli ya mimea. Hindustan Unilever, ambao wakati ule ndio waliokuwa na jina la Kwality Wall's, wakaenda Mahakama Kuu ya Bombay. Walisema: sisi tunauza vitindamlo hivyo, ndani yake mna maziwa na mna mafuta ya mimea, lakini vanaspati hatutii, na tangazo hili linatuchafulia bidhaa. Juni mwaka huo mahakama ikalizuia tangazo, na mwishoni mwa 2018 majaji wa rufaa wakaukubali uamuzi huo.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kama mafuta yameyashinda maziwa. Mimi nakisoma vingine. Katika kelele zile, mamilioni ya Wahindi walijua kwa mara ya kwanza kwamba kwenye friza moja kuna bidhaa za aina mbili, na kwamba sheria yao inataka kila moja itajwe kwa jina lake. Aiskrimu kwao lazima iwe na mafuta ya maziwa. Ikiwa na mafuta ya mimea, iseme. Anayetaka anunue hiki, anayetaka anunue kile, lakini ajue! Kesi ilimalizika kwa upande mmoja kushinda, na mlaji akaondoka na kitu alichokuwa hana.

Na mafuta ya mimea yenyewe ni mabaya? Hapa nataka tuwe waadilifu. Mawese na nazi ni vyakula vya watu, sisi hapa nazi ndiyo maisha yetu. Mafuta ya siagi nayo yana uzito wake kwenye moyo. Kinachofanya kiwanda kikimbilie mawese ni bei, afya haihusiki. Palipo na hatari ya wazi ni kwenye mafuta yaliyogandishwa nusu kwa haidrojeni, yale yanayozaa mafuta ya transi, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Mkiona kwenye kopo maneno ya kuonesha mafuta yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu, lirudisheni kopo mlipolitoa. Na ulimi wako pia ni shahidi: aiskrimu ya maziwa ikiyeyuka mdomoni inakwenda yote. Ile yenye mafuta magumu inakuachia utando kwenye kaakaa, unaupitisha ulimi na bado upo, mpaka unywe maji ya moto.

Sasa tuje kwenye namba za vitu vinavyoongezwa kwenye chakula, E hii na E ile. Najua ndizo zilizowaleta wengi wenu.

Niliposema mbele ya kundi jingine la wazazi kwamba ndani ya aiskrimu mna E407, mama mmoja alishika kifua. Nikamuuliza, wewe kwenu wapi? Akasema Jambiani. Basi nikamwambia, E407 unaijua kabla ya huyo aliyeipa namba. E407 ni mwani.

Ndiyo, mwani wetu. Kuanzia 1989 mama zetu wa Paje, Jambiani, Bwejuu na pwani nyingine za mashariki walianza kuulima kibiashara, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mnajua kazi ile. Wanasubiri bamvua, maji yanatoka mpaka mbali, wanashuka na kamba na vigingi. Wanafunga vishada kimoja kimoja kwa tai-tai, migongo imeinama, chumvi inakauka kwenye viwiko, na maji yakirudi lazima watoke, yaliyobaki yabaki. Baada ya kama wiki sita wanavuna, wanabeba mzigo wa mwani mbichi unaochuruzika, wanaanika. Mwani mkavu unasafirishwa ng'ambo. Viwanda vya huko vinaukamua ute wake, na ute huo unaitwa karaginani. Unatiwa kwenye dawa ya meno, kwenye maziwa ya chokoleti, kwenye soseji, na kwenye aiskrimu, ambako kazi yake ni kuzuia maji ya maziwa yasijitenge. Kiasi chake ni kidogo mno, chini ya gramu moja kwa kilo. Mwani wetu ni wa aina mbili, kotoni na spinosum. Kwa aiskrimu unaotafutwa zaidi ni ute wa kotoni, na kotoni ndiyo inayotufia baharini kwa sababu maji yamekuwa ya moto, wakulima wetu wamebaki na spinosum yenye bei ya chini.

Nakaa hapa kidogo kwa makusudi. Mama anayeinama kwa ajili ya kitu hiki haambiwi kinakokwenda, na mtoto wake anapokila haambiwi kilikotoka. Katikati yao kuna namba tu. Kweli hilo ni sawa?

Je, karaginani ina usalama? Imejadiliwa miaka mingi. Kuna namna yake iliyovunjwavunjwa kwa asidi, ambayo iliwadhuru wanyama wa maabara, lakini hiyo hairuhusiwi kwenye chakula. Ile ya chakula, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliipitia upya mwaka 2018 ikaweka kikomo cha mpito cha miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, huku ikitaka utafiti zaidi. Mtoto wa kilo 20, hiyo ni gramu moja na nusu. Kwa kijiko cha aiskrimu hafiki huko.

Kwa nini gundi hizi zinatiwa, tangu mwanzo? Kwetu sisi jibu ni rahisi kuliko kwa Mmarekani. Aiskrimu inatengenezwa Dar es Salaam au ng'ambo, inapanda boti, inateremshwa bandarini kwetu Malindi, inatiwa kwenye gari kwenda Makunduchi au Nungwi. Njiani inalegea. Inafika dukani, umeme unakatika, inalegea tena, inaganda tena. Wangapi hapa wanakumbuka kiza kile cha kuanzia Desemba 2009, karibu miezi mitatu waya wa baharini umeharibika? Kila inapolegea na kuganda, chembe za barafu zinakua, na siku ukiionja unahisi mchanga kwenye meno. Gundi ya guar, ambayo inatoka kwenye maharage ya Rajasthan, gundi ya mbegu za karobu, na huu mwani wetu, zote zinayashika maji yasikimbiliane kuwa chembe kubwa. Hiyo ni kazi halali. Aliyeiweka gundi ili aiskrimu ivumilie safari simlaumu. Namlaumu aliyeiongeza ili maji na hewa vijifanye krimu.

Na tofauti hiyo wakati mwingine inaonekana kwa macho. Julai 2022 huko Uchina, watu waliweka mezani aiskrimu ya kampuni moja ya bei kubwa, Zhong Xue Gao, katika chumba chenye joto la digrii 31, na baada ya karibu saa nzima ilikuwa haijayeyuka kabisa, imegeuka kama uji mzito. Picha zikaenea nchi nzima. Kampuni ikajibu kwamba inafuata viwango vya taifa, na kwamba gundi ilizotia zinaruhusiwa. Yawezekana kabisa. Lakini wateja hawakuwa wakiuliza kama inaruhusiwa. Walikuwa wakiuliza: tumelipa bei ya nini?

Viongezwa vyote si sawa, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini.

Kuna vile vinavyounganisha maji na mafuta. Kiini cha yai kinaifanya kazi hiyo tangu zamani. Viwanda vikaacha mayai vikachukua polisobeti 80, yaani E433, na gundi ya selulosi, E466. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State huko Marekani waliandika katika jarida la Nature kwamba panya waliopewa vitu hivi viwili walipatwa na uvimbe wa chini kwa chini kwenye matumbo, bakteria wao wa tumboni wakabadilika, na wakanenepa. Panya si mtu. Baadaye, mwaka 2022, baadhi ya watafiti hao walitoa matokeo ya majaribio ya E466 kwa watu wachache wa kujitolea, nao wakaona mabadiliko kwenye bakteria wa tumbo. Hayo hayatoshi kupiga marufuku. Kwangu mimi yanatosha kuchagua kopo lisilo navyo wakati jirani yake yupo kwenye friza hiyo hiyo.

Kuna rangi. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliofanywa kwa watoto wa miaka mitatu na wa miaka minane hadi tisa. Walipewa vinywaji vyenye rangi za kiwandani pamoja na sodiamu benzoeti, dawa ya kuhifadhia chakula, na utulivu wao ukapungua, ingawa si kwa kila mtoto. Tangu Julai 2010, Ulaya inataka chakula chenye rangi hizo sita kiandikwe onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Namba zake ni E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Walimu, naomba mziandike. Januari 2025 Marekani nayo ikaondoa ruhusa ya rangi nyekundu namba 3 kwenye chakula, ikawapa wenye viwanda mpaka Januari 2027. Na Julai 2025 watengenezaji wa aiskrimu wa huko, kampuni zipatazo 40 zenye zaidi ya asilimia 90 ya soko lao, waliahidi kuacha rangi za bandia kufikia mwisho wa 2027.

Sikilizeni hapo. Wanaweza! Miaka yote tuliambiwa bila rangi hizi watoto hawatanunua. Leo wanaahidi wenyewe. Swali langu ni moja: hayo makopo ya rangi za zamani, yatakapokataliwa kwao, yataelekezwa bandari gani?

Mama zangu na wazee wangu, kuna jambo linalogusa imani yetu, na siwezi kulipita. E471 ipo karibu katika kila aiskrimu ya dukani. Ni mafuta yaliyobadilishwa ili yaunganishe maji na mafuta. Kiafya haina tatizo kubwa linalojulikana. Lakini inaweza kutengenezwa kwa mawese, na inaweza kutengenezwa kwa mafuta ya mnyama, na namba haisemi ni mnyama gani. Jelatini, yaani kigandishi kinachotokana na ngozi na mifupa, ni vivyo hivyo: ng'ombe, nguruwe, au samaki. E120, rangi nyekundu ya asili ambayo baadhi ya watu wanaisifu kwa sababu si ya kiwandani, inatokana na wadudu waliokaushwa. Muislamu ana haki ya kujua. Mhindu asiyekula ng'ombe ana haki ya kujua. Mwenye kiwanda anajua, kwa sababu ananunua kwa risiti. Kwa nini asiongeze maneno mawili tu, "ya mimea"? Wapo wanaoongeza, na hao tuwanunulie. Alama ya halali kutoka taasisi inayojulikana nayo husaidia. Itafuteni kwenye kopo lenyewe, msiitafute kwenye bango la mlangoni.

Vanila nitaipita upesi. Machi 2017 kimbunga Enawo kiliipiga Madagaska, sehemu zile zile zinazolima vanila, na bei ikapanda hadi karibu dola 600 kwa kilo. Viwanda vingi viliongeza vanilini, ile harufu ya kiwandani, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Haina madhara kwa kiasi kinachotiwa. Lakini Uganda wanalima vanila, Kagera wanalima vanila, na ua lile kila moja linachavushwa kwa mkono wa mtu, asubuhi, kabla halijanyauka. Ukiweka picha ya ua kwenye kopo, basi weka na ua ndani.

Na sasa kwenu wenye maduka, kwa sababu nisipolisema hili nitakuwa nimewadanganya wazazi. Kampuni ya Blue Bell ya Texas ilijisifu kwamba haikupunguza kopo wakati wenzake walipopunguza. Nusu galoni yao ilibaki nusu galoni. Watu waliwapenda kwa uaminifu huo. Mwaka 2015 ikagundulika kwamba viwanda vyao vilikuwa na bakteria aitwaye listeria. Watu kumi waliugua, watatu wakafariki, wote watatu Kansas, na Aprili kampuni ikaondoa sokoni kila kitu ilichotengeneza. Mwaka 2020 ikakiri kosa mahakamani na kulipa zaidi ya dola milioni 17. Listeria haiogopi baridi. Kwenye friji inaendelea kuzaliana, na kwenye friza inalala tu ikisubiri. Mama mjamzito ni miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo orodha fupi ya viambato pekee haitoshi. Na najua, ndugu zangu, kwamba baadhi yenu mnazima friza usiku ili umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, usiishe. Naielewa hesabu yenu. Lakini aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa tena si ile iliyotoka kiwandani, hata kama kopo halijafunguliwa. Mkilazimika kuzima, basi msiweke aiskrimu. Wekeni barafu za ukwaju na za ubuyu, hizo hazina maziwa. Wazazi nanyi, kopo lenye theluji nene chini ya mfuniko, au lililovimba upande mmoja likabonyea mwingine, liacheni.

Mkishika kopo, fanyeni hivi. Someni kitu cha kwanza kwenye orodha ya viambato, kwa sababu kwa kanuni za Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi mbele. Kikiwa maji, mnanunua maji. Kikiwa maziwa au krimu, mko pazuri. Kisha tafuteni mafuta yameandikwa ya nini. Kisha uzito kwa gramu, kama umeandikwa. Basi.

Na tuna maombi yetu ya kuwapelekea ZFDA na ZBS, wasimamizi wa chakula na wa viwango hapa Zanzibar, na wenzetu wa Bara wanaweza kuyapeleka TBS, shirika la viwango la huko. Kwanza, jina la bidhaa liandikwe mbele ya kopo kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: kama mafuta ni ya mimea, iseme mbele, isingoje nyuma. Pili, chanzo cha E471 na cha jelatini kitajwe. Tatu, uzito kwa gramu uandikwe pamoja na lita. Nne, na hili ndilo lililonileta: kiwanda kikibadilisha viambato au kikipunguza ujazo wa bidhaa ambayo watu wanaijua, kiandike hivyo mbele ya kopo, kwa miezi kadhaa, kama wanavyoandika "ladha mpya" wanapokuwa na la kujisifia.

Barua nimeshaiandika rasimu, ipo kwa mwalimu mkuu. Nataka iende na ushahidi. Kila anayenunua aiskrimu mwezi huu, aoshe kopo, asibandue lebo, amkabidhi mtoto alilete skuli. Darasa la sita na la saba watayapima na kuandika: jina, kitu cha kwanza kwenye orodha, aina ya mafuta, gramu kwa lita, lugha iliyotumika. Wenye maduka watatu wameshakubali mizani zao zitumike. Tunahitaji na watu wa Makunduchi na Nungwi, maana huko zinafika baada ya safari ndefu.

Sasa nasikiliza maswali. Naanza na yule mama wa safu ya nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja jelatini.